Tangazo Lilikuwepo: Somo la Kuandika kwa Lugha Nyepesi Mahali pa Kazi



Katika toleo hili tumeweka kando kwa muda habari za magendo, za wizi wa pikipiki na za mikutano ya polisi jamii, ili tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halionekani kuwa kazi ya polisi. Jambo lenyewe ni maandishi. Tunakusudia matangazo yanayobandikwa milangoni mwa maghala, masharti ya kazi yanayotiwa sahihi na wapakiaji na madereva, maonyo yanayotundikwa katika vituo vya mafuta, na barua zinazotoka katika ofisi zetu wenyewe. Tutaonyesha kwamba andiko lisiloeleweka laweza kumdhuru mtu, na kwamba kulirekebisha hakuhitaji fedha nyingi wala shahada ya chuo.

Somo hili linawahusu wote wanaoandika ili wengine wafuate: karani wa ghala, katibu wa chama cha boda boda, wakala wa forodha, mwenyekiti wa soko, mwalimu mkuu, msimamizi wa shamba, na askari wa zamu. Linawahusu pia wale wanaoandikiwa, kwa kuwa wana haki ya kuuliza.

Yaliyotokea ghalani

Asubuhi moja tuliitwa katika ghala la mahindi lililomo katika mji mmoja wa mpakani. Tuliwakuta vijana wawili, wapakiaji wa mizigo, wamelazwa chini ya mwembe, wakitapika na kuvuta pumzi kwa taabu. Mmoja wao alikuwa ametoka upande wa pili wa mpaka na hakuwa ametimiza wiki mbili kazini. Mlinzi aliyewavuta nje alikuwa amejifunga kitambaa usoni, asijue kwamba kitambaa hakizuii chochote mbele ya hewa ile.

Nafaka ilikuwa imewekewa vidonge vya kuua wadudu. Vidonge hivyo, vinapokutana na unyevu uliomo hewani, hutoa hewa ya sumu iitwayo fosfini. Hewa hiyo huua dumuzi, na humwua binadamu pia. Wengine huisikia ikinuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini mtu aweza kuvuta kiasi cha kumdhuru asisikie harufu yoyote. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Tumaini la mgonjwa ni kutolewa haraka penye hewa safi na kufikishwa hospitalini. Kwa rehema za Mungu vijana wale walifika mapema. Mmoja aliruhusiwa kesho yake, na mwenziwe alilazwa siku sita.

Tulipoanza kuuliza, kila tuliyemhoji alitupa jibu lile lile. Msimamizi alisema, "Tangazo lilikuwepo." Karani alisema, "Tangazo lilikuwepo, nililiandika mwenyewe." Hata mlinzi alituonyesha kwa kidole: lilikuwepo kweli, limebandikwa vizuri mlangoni, limepigwa chapa na kugongwa mhuri. Lilisomeka hivi:

"Wahusika wote wanaarifiwa kwamba, kufuatia utekelezaji wa zoezi la ufukizaji wa nafaka, shughuli zote ndani ya ghala zimesitishwa hadi hapo uingizaji hewa utakapokuwa umekamilika tarehe 9, saa 10:00, isipokuwa kwa wale wenye idhini maalumu kutoka kwa uongozi."

Vijana wale wanajua kusoma, na walilisoma. Tulipowatembelea hospitalini tuliwaomba watueleze walivyolielewa. Wa kwanza alisema kwamba kwake yeye kufukiza ni kwa udi na ubani. Hakudhani neno hilo lamaanisha sumu. Angeambiwa kwamba mahindi "yamepigwa dawa", kama wasemavyo wapakiaji wote, asingekanyaga mle. Wa pili alisema kwamba alipoona "saa 10:00" alitazama simu yake. Simu ilionyesha 10:00, naye akaingia. Karani, aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili, alikusudia saa kumi ya jioni. Simu ya kijana ilikuwa inasema saa nne ya asubuhi. Kati ya saa ya karani na saa ya simu yalikuwamo masaa sita, na ndani ya masaa hayo nusura tuzike watu wawili.

Waungwana husema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo ina mahali pake katika mazungumzo ya watu wazima, lakini mlangoni mwa ghala lenye sumu haifai. Hapo, asiyejua maana ndiye hasa tunayemwandikia.

Ubao wetu wenyewe

Tulirudi kituoni tukiwa na hasira, na kwa hasira hiyo tukaanza kuandaa maelekezo ya kuwapelekea wenye maghala. Kabla hatujayamaliza, mmoja wetu alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa kituo akausoma kwa sauti. Palikuwa na karatasi iliyosema: "Dhamana ya polisi hutolewa kwa mujibu wa taratibu zilizopo, baada ya mhusika kukidhi vigezo stahiki."

Tukanyamaza. Wiki chache kabla ya hapo, mama mmoja mwuza dagaa alikuwa amesimama mbele ya karatasi hiyo hiyo. Mwanawe alikuwa mahabusu kwa sababu ya ugomvi wa sokoni. Mama alisoma, hakuelewa, akatoka nje. Langoni alimkuta mtu mwenye shati safi na kalamu mfukoni, aliyemweleza kwamba "vigezo stahiki" ni fedha, tena zipitie mkononi mwake. Mama aliuza mzigo wake wote kwa bei ya hasara akamlipa. Habari hizo tulizipata baadaye, mama aliporudi kuuliza risiti yake.

Ukweli ni kwamba dhamana ya polisi, ambayo wengi huiita bondi, haina malipo. Hilo tulilijua sisi sote, na karatasi yetu haikulisema. Yule tapeli alitumia pengo tuliloliacha wazi kati ya maneno yetu na akili ya msomaji. Kila mahali penye andiko gumu huzuka mtu wa kulifasiri kwa bei.

Ndiyo maana katika somo hili hatusemi "ninyi mnaandika vibaya". Tunasema sote tumekuwa tukiandika vibaya, na tunaanza na ubao wetu.

Lugha nyepesi ni nini?

Lugha nyepesi ni lugha inayomwezesha msomaji aliyekusudiwa kupata anachokihitaji, kukielewa anapokisoma mara ya kwanza, na kukitumia. Haya hayakubuniwa mpakani kwetu. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Viwango, lijulikanalo kama ISO, lilitoa kiwango chake cha lugha nyepesi, namba 24495-1, kinachosimama juu ya mambo manne: andiko limfae msomaji, lipatikane kwa urahisi, lieleweke, na litumike. Marekani ilitunga mwaka 2010 sheria inayozitaka idara za serikali kuu ziwaandikie wananchi kwa lugha iliyo wazi.

Tunapenda kuwakumbusha askari wenzetu kisa cha London cha mwaka 1979. Bibi mmoja, Chrissie Maher, ambaye hakujua kusoma mpaka alipokuwa kijana, alikwenda na wenzake katika uwanja ulio mbele ya Bunge wakakatakata hadharani mamia ya fomu na hati za serikali zisizoeleweka. Inasimuliwa kwamba askari polisi alifika akawasomea ilani ndefu ya kisheria, sentensi moja isiyokwisha, na bibi yule akamwuliza kama maana yake ni kwamba waondoke. Kwa heshima yote, tunadhani bibi alimshinda askari siku ile.

Wapo wanaohofu kwamba kuandika kwa wepesi ni kushusha hadhi ya ofisi, au kumsemesha mtu mzima kama mtoto. Sivyo. Heshima haimo katika urefu wa sentensi. Mzee anayemwusia mwanawe haongezi maneno, huyapunguza. Lugha nyepesi haikubali matusi wala lugha ya mitaani, na haifichi jambo zito. Hulisema jambo zito kwa maneno ambayo msikilizaji anayo tayari.

Sheria inasemaje?

Kwa upande wa Uganda, jambo hili si hisani. Katiba ya mwaka 1995, katika Ibara ya 23, inaagiza kwamba mtu anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili anayemtaka. Ibara ya 28 inaagiza vivyo hivyo kuhusu kosa analoshtakiwa nalo, na inampa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumika mahakamani. Tuyaangalie vizuri maneno hayo, "lugha anayoielewa". Katiba haikusema lugha anayoielewa askari. Tena, mtu aweza kusemeshwa Kiswahili akiwa Mswahili asielewe, kama Kiswahili chenyewe ni kile cha "vigezo stahiki".

Katika kazi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi habari, maelekezo na mafunzo wanayoyahitaji kwa usalama wao. Karatasi iliyobandikwa lakini haikufahamika haijampa mtu habari yoyote.

Ipo pia sheria ya siku nyingi, tangu enzi za ukoloni, ya kuwalinda wasiojua kusoma na kuandika. Inasema kwamba mtu anayeandika hati kwa niaba ya asiyejua kusoma lazima aandike humo jina lake kamili na anwani yake kama mwandishi. Kwa kufanya hivyo anakiri kwamba aliagizwa kuiandika, kwamba ameandika sawasawa na alivyoagizwa, na kwamba alimsomea mwenyewe na kumweleza. Waandishi wa barua walioketi na meza zao karibu na vituo vya forodha waikumbuke. Nanyi mnaotia dole gumba, msitie kabla hamjasomewa.

Mambo sita ya kuzingatia

Kwanza, taja nani afanye nini. Sentensi kama "inaelekezwa kwamba maegesho yazingatiwe" haina mtu ndani yake. Nani ameelekeza? Nani azingatie? Andika: "Dereva, egesha lori lako upande wa kulia wa geti." Kiswahili kimetujalia vitenzi vinavyobeba mtenda kazi ndani yake: egesha, usiingie, leta, mwulize. Vitumie. Jihadhari na maneno yanayojaza karatasi bila kuongeza kitu: "zoezi la", "utekelezaji wa", "wahusika", "husika", "stahiki", "hadi hapo itakapokuwa". Yaondoe uone kama maana imepungua.

Pili, anza na jambo kubwa. Tangazo la ghala lilikuwa na hatari ndani yake, lakini neno "hatari" halikuonekana popote. Mtu anayepita na gunia begani husoma mstari wa kwanza tu. Mstari huo ubebe kile ambacho, asipokijua, atadhurika. Sababu na shukrani zije baadaye.

Tatu, weka katazo moja katika sentensi moja. "Hairuhusiwi kuingia isipokuwa kwa wale ambao hawajazuiliwa" ni sentensi inayomtaka msomaji afanye hesabu. Ukiwa na makatazo mawili, andika sentensi mbili.

Nne, saa, siku na fedha ziandikwe kwa namna isiyoweza kusomwa mara mbili. Hapa ndipo watu wa mpakani tunapoteleza zaidi, na inafaa tukae kidogo.

Kiswahili huhesabu saa tangu mapambazuko, na Kiganda vivyo hivyo; simu huhesabu tangu usiku wa manane. Kwa hiyo "saa 2:00" ni asubuhi kwa mmoja na mchana kwa mwingine. Andika saa kwa maneno, taja kipindi cha siku, kisha weka tarakimu za simu: saa mbili asubuhi, 8:00.

Siku za wiki nazo zina mtego. Msemaji wa Kiganda huita Jumatano siku ya tatu, na Ijumaa huiita siku ya tano. Anaposikia "Jumatano", sikio lake hunasa "tano", naye akaja Ijumaa. Tumewahi kumwona shahidi amefika siku mbili baada ya siku yake, amevaa nguo zake nzuri, akisisitiza kwamba hajachelewa. Andika siku pamoja na tarehe, na mwezi uutaje kwa jina. "5/6" kwa mmoja ni tarehe 5 Juni na kwa mwingine ni tarehe 6 Mei.

Kuhusu fedha, neno "shilingi" peke yake halitoshi mahali ambapo shilingi za Uganda, za Kenya na za Tanzania zinapita mkono kwa mkono katika saa moja. Tofauti ya thamani yake ni kubwa mno. Taja ni shilingi ya nchi gani, katika tozo, katika mshahara na katika faini.

Tano, tumia jina ambalo watu wanalo. Gari dogo la abiria ni matatu kwa Mkenya, daladala kwa Mtanzania, na taksi kwa Mganda, ambaye kwake taksi hubeba abiria kumi na wanne. Tangazo linalosema "taksi haziruhusiwi hapa" litamwacha dereva wa matatu aingie kwa amani. Lori ni lori kwa wengi wetu, lakini ndugu zetu wa Kongo husema kamiyo. Palipo na hatari ya kutoelewana, weka majina mawili, au chora picha ya chombo chenyewe. Waiteso wanaishi pande zote mbili za Malaba, na Wasamia pande zote mbili za Busia. Hakuna ubaya wowote kuweka mstari mmoja wa lugha yao chini ya Kiswahili, hasa katika neno la hatari.

Sita, jaribu kabla ya kubandika. Chukua karatasi yako, mpe mtu wa aina ile inayokusudiwa, si rafiki yako wa ofisini. Asome, au asomewe. Kisha usimwulize, "Umeelewa?" kwa kuwa atajibu "Ndiyo" kwa adabu. Mwambie, "Nieleze sasa utafanya nini." Akieleza tofauti na ulivyokusudia, kosa ni la karatasi. Iandike tena. Jaribio hili huchukua dakika tano, na lingefanywa katika ghala lile tusingeitwa.

Tuandike upya pamoja

Hebu sasa tulirudie tangazo la ghala. Tulikaa na msimamizi, karani na wapakiaji wanne, tukaliandika hivi:

HATARI. MAHINDI YAMEPIGWA DAWA YA SUMU.
Usiingie. Hewa iliyomo ndani inaweza kukuua hata kama husikii harufu.
Ngoja mpaka msimamizi wa ghala aondoe karatasi hii na kufungua mlango yeye mwenyewe.
Ukiumwa kichwa, ukisikia kichefuchefu au kifua kubana, kaa mbali na ghala, penye hewa safi, umwite mlinzi upesi. Atakupeleka hospitalini.
Mtu akianguka ndani, usimfuate. Mwite msimamizi mwenye vifaa.

Mnaona kwamba saa imetoweka kabisa. Wapakiaji ndio waliotuonyesha kwamba haikuhitajika. Mlango ule haufunguliwi na saa. Hufunguliwa na mtu aliyepima na kuhakikisha kwamba hewa ni salama. Kuandika saa kulikuwa kumwalika msomaji ajiamulie mwenyewe. Mara nyingi tunapotafuta maneno mepesi tunagundua kwamba hata utaratibu wenyewe ulikuwa haujakaa sawa. Chini ya maneno tuliweka picha ya fuvu na mifupa, na ufunguo wa mlango ukabaki mfukoni mwa msimamizi, kwa sababu tangazo hata likiwa zuri kiasi gani halichukui nafasi ya kufuli.

Ubao wetu nao sasa unasomeka hivi:

DHAMANA YA POLISI (BONDI) NI BURE.
Usimlipe mtu yeyote, awe askari au raia.
Ndugu yako akikamatwa, mwulize askari wa zamu mambo matatu: amekamatwa kwa kosa gani, lini atafikishwa mahakamani, na kama anaweza kupewa dhamana.
Katiba inataka afikishwe mahakamani kabla ya masaa 48 kupita, kama hajaachiliwa.
Mtu akikudai fedha, mwambie Mkuu wa Kituo siku hiyo hiyo.

Tulipoubandika, askari mmoja alinong'ona kwamba sasa watu watatusumbua kwa maswali. Ni kweli, wametusumbua. Lakini wanaouliza dirishani hawamwulizi tena mtu wa langoni.

Hali ni hiyo hiyo katika biashara ya mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mwenye bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani. Hata hivyo tunakutana na akina mama wenye magunia mawili ya maharage wakipita njia za panya usiku, wakihatarisha mali na heshima yao, kwa sababu tu hawakuambiwa habari hiyo kwa maneno ya kueleweka. Chama cha soko kinachoandika jambo hili kwa mistari mitatu na kulitundika penye mzani kitakuwa kimezuia magendo kuliko doria zetu kadhaa.

Na asiyesoma?

Wapo kati yetu wasiosoma kabisa, na wapo wanaosoma lugha nyingine. Kwao andiko jepesi lina faida moja kubwa: husomeka kwa sauti. Sentensi inayomkatisha msomaji pumzi itampotosha pia msikilizaji. Kwa hiyo kila asubuhi ya kazi, kiongozi wa zamu asome tangazo jipya mbele ya wenzake, kisha mmoja wao alirudie kwa maneno yake. Mwenyekiti wa LC afanye vivyo hivyo katika baraza la kijiji. Wakala wa forodha amsomee dereva masharti kabla ya kumpa kalamu. Mkataba wa kazi usomwe sehemu tatu kwa polepole: mshahara ni kiasi gani na kwa fedha ya nchi gani, kazi ni ya masaa mangapi, na nini hufanyika mtu akiumia kazini.

Kwa anayeandikiwa tunasema: kuuliza si ujinga. Usione haya mbele ya karatasi. Ukimwambia karani, "Nisomee tena, sijaelewa," hujamvunjia heshima. Umemfanyia kazi yake.

Zoezi la nyumbani na la kazini

1. Andikeni upya sentensi hii ili dereva aelewe mara moja: "Madereva wote wa vyombo vya usafirishaji wahakikishe kwamba hawakosi kutoacha taa zikiwa hazijazimwa wakati wa upakuaji." Anzeni kwa kuuliza: taa ziwashwe au zizimwe? Mkishindwa kujibu, mmeuona ugonjwa.

2. Sahihisheni tangazo hili: "Malipo ya vibarua yatafanyika 5/6, saa 3:00, baada ya makato ya 10,000." Lina mitego mitatu, nayo yote tumeitaja hapo juu.

3. Zoezi la tatu ndilo zito, na tunaomba kila kijiji kilicho kando ya barabara kuu kilifanye katika baraza lake. Malori ya mafuta yanapita kwetu usiku na mchana. Mwezi Agosti 2019, kule Morogoro, Tanzania, zaidi ya watu mia moja walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kukimbilia kuchota. Mwezi Juni 2013, Namungoona jijini Kampala, watu zaidi ya thelathini walikufa kwa namna hiyo hiyo, wengi wao waendesha boda boda. Mvuke wa petroli hauonekani. Hutambaa chini na kusambaa mbali na lori lenyewe, na cheche ndogo ya pikipiki au sigara yatosha kuulipua. Andikeni tangazo lenye mistari isiyozidi mitano, litakalomfanya kijana mwenye dumu mkononi ageuke arudi nyumbani. Msitumie neno lolote ambalo mtoto wa darasa la tano hatalijua. Kisha mpeni kijana mwenye dumu alisome, awaeleze atafanya nini.

Leteni majibu yenu katika kituo chochote cha polisi kilicho karibu nanyi, dawati la uhusiano wa jamii. Yale yatakayopita jaribio la "nieleze utafanya nini" tutayachapisha na kuyabandika barabarani.

Kijana yule aliyelazwa siku sita amerudi kazini katika ghala lile lile. Msimamizi amempa jukumu jipya: hakuna karatasi inayobandikwa mlangoni kabla yeye hajaisoma kwa sauti na kueleza alivyoielewa. Mara ya mwisho tulipopita, alikuwa amemrudishia karani karatasi mara mbili, na karani alikuwa anaandika ya tatu.